Siku Nilipoihamisha Wema kwa Pipa la Udhu

Jamani, mkiniona napita pale stendi ya Garsen nipeni salamu ya kawaida kama mnavyowapa watu wengine, maana hii ya kuniuliza "Rehema, maji yamefika wapi?" halafu mnacheka mpaka mnashikana mabega, mimi nimeichoka. Aibu niliipata, sikatai. Lakini mnaisimulia vibaya na mnatia chumvi, juzi mtu wa Minjila kanikazia macho akaniambia ati ng'ombe walizama. Ng'ombe gani? Basi nasimulia mwenyewe, na asiyetaka kusikia aende zake.

Karakana yetu mnaijua, ile nyumba ya mabati tunayokutana jioni, huku wengine wanajifunza kuchomelea waya, huku wengine wanafufua kompyuta ambazo ofisi zimezitupa, na Jumamosi tunapika chai na kubishana mpaka kiza kinaingia. Sasa kuna mwenzetu (simtaji, anajijua) aliandika ukutani "HACKER" kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, akimaanisha wachokonozi wa mitambo, na mji mzima ukaamua sisi ni wezi wa pesa za kwenye simu. Wamama wakipita wanaficha simu kifuani. Mimi! Mwalimu wa solda, mwimba kwaya, naogopwa kama mwizi! Ndipo tukaamua tufanye siku ya wazi, tupike pilau, watu waje waone tunachofanya humo ndani.

Na mimi nilikuwa na langu la kuonyesha. Nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kupima maji ya mto: kiboya kidogo kinachopanda na maji, taa ya kijani, taa ya manjano, na yakifika juu inawaka nyekundu, kinapiga king'ora na kutuma ujumbe kwenye simu. Nilikitengeneza kwa sababu ya mama yangu. Anaishi kijiji cha Wema, kando ya mto, peke yake, magoti mabovu, hataki kuhama, na mafuriko yaliyopita nusura yaondoke naye. Watu wa Wema walishanipa namba zao pale kanisani, tukakubaliana kabisa kwamba ujumbe ukija wasiulizane maswali, wenye pikipiki wabebe wazee, na wote waje moja kwa moja karakana kwetu Garsen ambako ni juu. Kilichobaki ni Mzee Hiribae, mwenyekiti wao, aje akione kwa macho yake, aseme ndiyo au hapana. Bila neno lake hakuna nguzo ya kukifungia inayochimbiwa ukingoni mwa mto, na mama anabaki vilevile alivyo. Siku hiyo ndiyo alikuwa anakuja kusema.

Haya, sasa sikilizeni kosa langu, na ni moja tu. Kifaa nilikuwa nimeshakiziba kwa gundi pande zote mvua isiingie, laini ya simu ikiwa ndani, ina salio, ina namba zote za Wema. Kwa maonyesho ilifaa niikate ile gundi niitoe laini. Nikakitazama kisanduku kilivyopendeza, kimenyooka, kinang'aa, nikasema aah, nani anakata kitu kizuri hivi mbele ya wageni? Nitamimina maji kidogo kwa jagi, taa ya kijani iwake, watu wapige makofi, basi. Nikachukua pipa tupu, nikalisimamisha uani, nikaning'iniza kifaa ndani. Tena nikawaambia wote kwa sauti: pipa hili lisiguswe! Nani hakunisikia?

Hakunisikia Bwana Abdi, mwenye duka la unga, kwa sababu alikuwa bado hajafika. Mtu mwema sana Bwana Abdi, sina neno naye (ninalo, lakini nitalisema wapi?). Alikuja na mkokoteni wa punda umejaa madumu ya maji, zawadi yake kwa karakana, na alipoona adhuhuri inakaribia, Waislamu nusu ya uwanja, halafu pipa kavu, akatuonea haya. Akawaita wenzake wakaanza kumimina. Dumu la kwanza, la pili, la tatu, na mimi niko getini nampokea Mzee Hiribae kwa mikono miwili, namwambia karibu baba, karibu, leo utaona jambo.

Akaliona.

King'ora kililia mpaka punda akakata kamba. Mzee Hiribae alishika kofia yake kwa mikono yote miwili, wapishi wakaacha sufuria, na mimi nakimbia kuelekea pipa nikiomba Mungu isiwe ninachofikiria, kumbe ndicho chenyewe, taa nyekundu inawaka na Bwana Abdi kasimama pembeni na dumu mkononi, anatabasamu.

"Dada Rehema, wageni wangechukua udhu wapi? Nimewajazia. Wala usinishukuru!"

Sasa niambieni, hapo unamjibu nini? Unamgombeza mtu aliyeleta maji ya udhu? Na watu wameshakunja mikono ya kanzu wanangoja? Nilimwambia ujumbe umeshakwenda Wema. Akanitazama, akalitazama pipa.

"Kwani pipa lina simu?"

Nikakitoa kile kifaa, kinalia. Nikakiweka juani, kinalia. Gundi yangu mwenyewe, niliyoisifia wiki nzima, ikakataa kufunguka, mpaka mpishi akanipa nyundo nikakivunja mbele ya watu wote niliowaalika waje wakione, yaani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Nikashika simu niwaambie Wema ni uongo, rudini. Nampigia mama, hapatikani. Nampigia jirani, iko bize. Na nani asiyekuwa bize, kijiji kizima kinapigiana simu kuambiana wakimbie!

Mzee Hiribae alikaa kwenye kiti cha plastiki akaweka bakora magotini. Watu wakala pilau, mimi nikaendelea kupiga simu. Kisha tukasikia pikipiki.

Walikuja wote, jamani. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, na walifuata kila neno, hakuna aliyekosea! Pikipiki na wazee, mikokoteni na magodoro, mbuzi, redio, mtu kabeba mlango wa nyumba yake (ndiyo, mlango, mbao ni ghali), mwingine kaja na sufuria ya ugali haujaiva. Wakaingia getini mbio, wakakuta watu wamekaa kivulini wanakula pilau. Wengine walifikiri tumewahi kuhama kabla yao. Halafu mmoja akauliza, akaambiwa, akamwambia wa nyuma yake, na kile kicheko kikaanza, kicheko mnachonichekea mpaka leo. Na waliokuwa hawacheki walikuwa wananitukana.

Pikipiki ya mwisho ilimleta mama. Kajifunga leso kiunoni, kuku kawafunga ndani ya leso nyingine, vichwa vinachungulia.

"Rehema! Maji yako wapi?"

Nikamwonyesha pipa.

Sitawaambia yote aliyonisema. Alianza na siku niliyozaliwa, akapitia darasa la nne, akaja mpaka ndoa niliyoikataa, mbele ya kwaya, mbele ya wanafunzi wangu, na Bwana Abdi anamwambia tuliza moyo mama, chukua maji ya kunywa, anamchotea kwenye lilelile pipa!

Ndipo Mzee Hiribae akasimama.

"Mwanangu, nilikuja kusema neno, na nalisema," akaniambia. "Kitu hiki hakikanyagi Wema. Watu wameacha mashamba, wameacha moto jikoni, kwa sababu ya pipa la kunawia."

Nilitaka kumwambia kwamba kimefanya kazi! Hakuna hata mmoja wenu aliyelisema hilo siku ile na hakuna anayelisema mpaka leo, kwamba maji yalipanda na kikalia, ujumbe ukafika, watu wote wakatoka, nini kingine mnataka? Lakini nikainama najifanya naokota vipande, machozi ya hasira yasionekane.

"Mwenyekiti," mama akasema. Alikuwa bado hajashuka kwenye pikipiki. "Yale mafuriko, nani alikuja kuniambia?"

Mzee akaanza kuifuta bakora yake.

"Nakuuliza wewe. Nani alikuja? Nilitolewa dirishani na vijana nisiowajua, maji yamenifika shingoni. Tangu siku ile nalala mkono umening'inia kando ya kitanda, vidole vinagusa sakafu, niyasikie maji kabla hayajafika godoroni. Kila siku. Mkono unakufa ganzi." Akawapakata kuku wake vizuri. "Leo nimekuja na nguo kavu. Kifungwe nyuma ya nyumba yangu, na kikilia bure nitakuja tena."

Sikulijua hilo la mkono, mimi mwanawe. Hakuwahi kuniambia.

Mzee Hiribae alivuta kofia, akasema basi kifungwe, lakini huyu binti asikilete na gundi. Hapo wakacheka tena, na mimi nilikasirika upya.

Nguzo ipo, nyuma ya nyumba ya mama, nimeichimbia mwenyewe na kifaa kipya nimekifunga, na sasa laini naitoa kwanza kabla sijaonyesha kitu kwa mtu yeyote, hata kama kisanduku kitabaki na makovu. Na maonyesho uani siku ya pilau sifanyi tena, hilo nimeapa. Mama hajanisamehe, kila nikienda ananikumbusha ule ugali wa jirani uliobebwa haujaiva. Lakini wiki iliyopita nililala kwake, nikaamka alfajiri nikamchungulia, na mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya shuka.