Dawa Iliyoacha Uchungu

Masika Ngwali alifagia dispensari ya kijiji chao kwa miaka kumi na moja. Aliosha chupa ambazo wagonjwa walikuja nazo kutoka majumbani, akateka maji ya kuchanganyia dawa. Skuli hakuiona, lakini dawa alizijua kwa harufu, na ile ya homa aliijua kwa ulimi: chungu ya kukunja uso mpaka shingo, na aliyeinywa masikio yalimvuma siku nzima. Wazee walipona hivyo, na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka wa hamsini na tisa akaletwa dresa kijana wa kugawa dawa, mtanashati, jina lake Abrahman. Haikupita miezi mingi, dawa ikaacha uchungu.

"Nimeisomea," Abrahman aliwaambia wanawake waliojaa barazani. "Dawa ikisomewa uchungu huondoka. Inyweni kama kombe."

Wakafurahi! Watoto wakanywa bila kubanwa pua. Kombe nani asiyelijua? Aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa kwa baraka yake. Nani angethubutu kulitilia shaka? Hata Masika alikubali, ingawa ndoo tatu alizokuwa akiteka kila siku sasa zilikuwa tano.

Lakini mkewe, Mize, alikuwa kitandani wiki ya tatu. Homa ilimwacha asubuhi ikamrudia alasiri, na mwili ulikuwa umebaki mifupa.

"Masikio yanakuvuma?" Masika alimuuliza.

"Yavume kwa kipi, yakhe? Nnakunywa maji."

Masika akaonja dawa ya chupa yake. Maji! Maji ya kisima, aliyoyateka mwenyewe. Akanusa: zafarani hakuna. Marehemu baba yake alikuwa mwandishi wa kombe. Hakushika kalamu bila ya udhu, wala hakupokea hata yai moja. Na huyu anawaibia wagonjwa, kisha wizi wake anaufunika kwa maneno ya Mungu! Alhamisi akashuhudia kwa macho yake: makopo ya dawa ya homa, lakiri zake nzima, yakifukiwa ndani ya gunia la mbata, na gari la ng'ombe likaelekea bandarini Wesha.

Akaenda kwa mkuu wa kijiji, Sheha Hamad.

"Wacha fitina, Masika," sheha alisema bila kumkaribisha. "Na kwanza, weye chama gani siku hizi? Abrahman ni mwenzetu."

"Nke wangu anakufa, waniuliza chama?"

Ndizo zama za vyama zilizokuwa zimeingia. Zamani mtu akiiba aliulizwa kaiba nini.

Masika akatembea mpaka mjini Chake kwa daktari wa hospitali, chupa mbili kwapani: moja ya Mize, nyengine iliyosahauliwa kwenye kabati la mifagio tangu enzi za dresa aliyemtangulia Abrahman. Daktari akaonja ya kwanza. Akaonja ya pili, akatema, akachukua kofia yake.

Walipofika dispensari, kabati la dawa lilikuwa tupu. Daktari akamuuliza Abrahman makopo yako wapi.

"Kwani dawa isiyo chungu ina dhambi gani?" Mwanakhamis, jirani yake Masika, alipaza sauti barazani. "Huyu mzee ana kijicho tu!"

Abrahman hakufungwa. Wakubwa walimhamisha kituo, na kijiji kikampikia pilau ya kumuaga. Walimpikia! Masika alitoa salamu msikitini miezi mizima asiitikiwe, na watu wale wale ndio waliowafundisha watoto wao kwamba kuitikia ni wajibu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile daktari alimjazia Masika chupa kutoka mkoba wake mwenyewe. Mize alikunywa, akakunja uso, akamtukana mumewe mpaka babu yake wa saba.

Siku ya pili alasiri homa haikurudi. Masika alikuwa mlangoni akichambua mchele, alipomsikia Mize akiita kwa hasira kutoka ndani.

"Weye Masika! Sema kwa nguvu, sikusikii. Masikio yananivuma!"

Masika hakuwa amesema kitu. Akauweka chini ungo wa mchele, akalia.