Posa Iliyokwama Kwenye Mashine ya Kusaga

Bariadi ina watu wanaoishi, halafu ina Respicius, ambaye bado yuko kwenye hatua za maandalizi. Ni afisa mipango. Alihamishiwa huku akitokea Muleba na digrii mbili na pasi moja ya nguo, na tangu siku hiyo hajawahi kununua hata nyanya bila kufanya kwanza mchanganuo. Ukimkuta sokoni amesimama mbele ya mafungu ya dagaa, mikono nyuma, utadhani ametumwa na makao makuu. Akina mama waliotoka Lamadi alfajiri na dagaa wao wanamwangalia tu, usingizi machoni, wakisubiri amalize kuuliza kama bei hiyo ni endelevu.

Hana marafiki, ana wadau. Hali chakula, anapata lishe. Na kwa kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kupanda bodaboda kama sisi, alinunua gari la umeme, mtumba, lililokwishachokwa na Wajapani. Kioo chake cha kwenye dashibodi kinaandika Kijapani, lugha ambayo Respicius haijui, lakini hukiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa taarifa anayoiafiki. Betri yake ilikuwa imebakiza nguvu za kwenda ofisini, kurudi, na kupita stendi taratibu mara mbili ili aonekane.

"Ninyi mnachoma mafuta," aliwaambia madereva wa stendi. "Mimi natumia data."

Sasa huyu mtu akapata mchumba. Evalina, mwalimu wa hisabati, binti wa Mzee Luhaga, kwao ni mbele ya Mwanhuzi, kwenye nyika ya kuelekea daraja la Sibiti, ambako kiangazi kikikolea mbuzi hutembea wakitafuta kivuli cha mbuzi wenzao. Alimpendea nini Respicius, msiniulize. Hata watu wenye akili huchukua likizo.

Mzee Luhaga alitoa siku moja tu. Jumamosi, kabla ng'ombe hawajarudi zizini, wageni wawe wamefika, kwa sababu wajomba na baba wadogo alikuwa amewaita siku hiyo. Wasipofika, basi, maana Jumapili asubuhi alikuwa anakuja kuposa Mayala, mfanyabiashara wa ng'ombe minadani, mtu asiye na digrii hata ya kuazima ila ana Noah.

Evalina alimpigia Respicius simu akamsihi.

"Kodi gari, uje kama watu wanavyokuja. Ukichelewa sina cha kumwambia baba."

"Evalina, mpango upo."

"Sijauliza mpango. Nimesema kodi gari."

"Mpenzi, wazee wako wataona teknolojia kwa mara ya kwanza. Hiyo yenyewe ni mahari."

Mpango ulikuwepo kweli. Aliuonyesha ukutani ofisini, kwa rangi nne, mbele ya wenzake waliokuwa wanasubiri chai. Gari lingechajiwa usiku kucha Bariadi. Lingeongezwa Lagangabilili, nyumbani kwa mtumishi mwenzake. Mwanhuzi mjini lingepita bila kusimama, kwa kuwa nyumba za wageni za pale, kwa maneno yake, hazina vigezo. Kisha kituo kikuu: mashine ya kusaga kwenye kijiji kimoja huko mbele, karibu kabisa na kwa wakwe. Nyumba za kijijini umeme wake ni wa taa na redio, alieleza, lakini wa mashine una misuli.

Tena alithibitisha. Alimpigia msagaji, anaitwa Mayige, akamuuliza umeme upo? Upo. Jumamosi mnafungua? Mayige akacheka, akasema, "Jumamosi ndiyo siku yenyewe, bosi!" Respicius akaridhika. Mtu mwingine yeyote mkoa huu angeuliza siku yenyewe ya nini.

Jumamosi wakaondoka watatu. Mshenga alikuwa Nassib, mhasibu wa ofisi hiyohiyo, mtu wa Kondoa, Mwislamu anayekwenda kumposea Mkatoliki na hana tatizo lolote na jambo hilo. Nyuma alikaa Mzee Boniventura, baba mdogo wa Respicius, aliyesafiri kutoka Muleba na suti ya sufu kwa ajili ya heshima ya ukoo.

"Mwanangu, fungua kioo," mzee alisema kabla hawajafika mbali.

"Baba mdogo, kioo kikifunguliwa upepo unavuta gari nyuma. Tunapoteza asilimia."

"Basi washa ubaridi."

"Ubaridi ndiyo unakula zaidi."

Mzee akatafakari, jasho likimtiririka hadi kwenye tai. "Kupumua kunaruhusiwa?"

"Kwa zamu, mzee," akajibu Nassib.

Lagangabilili walikaa mpaka wenyeji wakaishiwa mazungumzo. Wakaondoka, na barabara ya changarawe ikaanza kazi yake. Gari lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kila mlima ulikula asilimia, kila kundi la ng'ombe lilikula subira. Wenye magari ya mafuta waliwapita, wakawaachia vumbi, mmoja akatoa kichwa kuuliza kama wanahitaji kusukumwa. Walipopita Mwanhuzi, Nassib alionyesha nyumba ya wageni yenye taa zinazowaka mchana kweupe. Respicius hakugeuza hata shingo. Kituo hicho hakikuwa kwenye mpango.

Walikaribia mashine mwendo wa maiti, picha ya kobe imewaka kwenye kioo. Hiyo haikuhitaji Kijapani.

Na pale mashineni ndipo alipoiona siku yenyewe. Ndoo. Ndoo za mahindi nyekundu, za bluu, zilizozibwa matundu kwa plastiki ya kuyeyusha, na madebe ya zamani ya mafuta, zimejipanga kutoka mlangoni, zikazunguka ukuta, zikaishia kwenye ua wa mnyaa wa jirani. Wenyewe wamekaa kivulini, wanapiga soga. Kijiji kizima husaga Jumamosi, Jumapili watu wapate ugali wakitoka kanisani.

Respicius alishuka na waya begani.

"Nani msimamizi hapa?"

"Mwadila," alisema mama mmoja mnene, Mama Salu, ambaye hana cheo chochote pale isipokuwa kwamba hakuna anayembishia.

"Nauliza msimamizi."

"Na mimi nimesema mwadila."

Nassib akamfinya, akamnong'oneza kwamba hiyo ni salamu ya Kisukuma. "Mwadila, mwadila," akajibu Respicius, kama anayelipa ushuru.

Mayige akatoka, mweupe kwa unga hadi kope. "Ni wewe uliyenipigia? Mahindi yako wapi?"

"Sina mahindi. Nina gari."

Mayige alilitazama gari, akautazama waya, akamwonyesha soketi, maana mteja ni mteja. Wakachomeka. Mashine ilikuwa inanguruma, na ikinguruma umeme wa kijiji kizima unalegea. Gari likawasha taa yake moja, likaizima, likagoma. Wakajaribu tena. Likagoma tena.

"Zima mashine," akaagiza Respicius.

Soga zikakatika. Mayige akafuta uso. "Bosi, niwazimie hawa? Mimi nina mke, naye yuko kwenye hiyo foleni."

"Baba," Mama Salu akaita kwa upole wa kutisha, "hilo gari limeacha watoto nyumbani?"

"Mama, mimi ni afisa wa serikali. Nina safari nyeti."

"Sawa. Ndoo yako iko wapi?"

"Ndoo ya nini?"

"Hapa watu hawapangi foleni, zinapanga ndoo. Weka yako nyuma ya ile ya bluu. Zamu yako ikifika, Mayige atazima, utakula umeme wako ushibe. Hakuna atakayekugusa."

"Siwezi kupanga gari kwenye foleni ya ndoo!"

"Si nimesema ndoo? Gari liache hapo hapo."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akalala chali. Nassib akaenda nyumba ya jirani akaazima ndoo, akaiweka mwisho. Ilikuwa tupu. Mwanamke mwenye ile ya bluu akaichungulia, akatoa pole.

Jua likaanza kwenda. Nassib alilitazama, akaita bodaboda tatu. Mzee Boniventura akapanda ya kwanza na suti yake, anakumbatia mgongo wa kijana asiyemjua, na usoni, kwa mara ya kwanza tangu Bariadi, ana furaha, kwa sababu anapata upepo.

"Panda, twende," Nassib alimwambia Respicius.

"Siwezi. Nikiondoka ndoo itarukwa."

"Respicius! Unakwenda kuoa au kusaga?"

"Tangulieni mkaanzishe. Mpango unaruhusu utekelezaji kwa awamu."

"Mwanangu," mzee akaita kutoka kwenye pikipiki, "ni pale tu ng'ambo ya korongo. Gari utalirudia kesho."

"Baba mdogo, gari ndilo linalokwenda kunitambulisha. Nikifika kwa bodaboda mimi nitakuwa nani?"

Swali hilo lilikuwa zuri. Bodaboda mbili zikaondoka na watu wake.

Kwa Mzee Luhaga wageni walipokelewa vizuri, wakapewa viti vya mbele. Ng'ombe walikuwa hawajarudi. Wajomba walikuwa wameshika vijiti vyao tayari, kila kijiti ng'ombe mmoja, wanangoja kuvimwaga chini mazungumzo yaanze.

"Mwoaji ni yupi kati yenu?" aliuliza mjomba mkubwa.

"Yuko njiani," akasema Nassib.

"Njiani gani? Vijana wa bodaboda wametueleza. Yuko mashineni analinda ndoo." Mjomba akamgeukia Mzee Boniventura kwa heshima zote. "Mzee mwenzangu, ndani ya hiyo ndoo kuna nini?"

Mzee Boniventura hakulelewa kusema uongo mbele ya wakwe. "Hakuna kitu," akasema.

Hawakucheka mara moja. Walijitahidi, watu wazima wale, wakaangalia paa, mmoja akakohoa. Kisha ikashindikana.

Mzee Luhaga alipowatuliza, akamwita binti yake, kama inavyotakiwa kabla kijiti chochote hakijaanguka. Evalina akapiga magoti. Macho yalikuwa mekundu; tangu mchana alikuwa nyuma ya nyumba anapiga simu, na Respicius anamjibu asilimia.

"Ng'wanone, mwanangu, unawafahamu wageni hawa?"

"Hawa waliokuja nawafahamu," akasema Evalina. "Aliyebaki nilidhani namfahamu."

Akanyanyuka, akaenda jikoni. Wajomba wakarudisha vijiti vyao mfukoni. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, kwa hiyo wageni walilishwa wakashiba, na Mzee Boniventura akavua koti.

Ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua Respicius alipofika. Gari lake halina sauti, hata mbwa hawakubweka, akabaki amesimama kwenye lango la miiba mpaka alipopiga honi. Evalina ndiye aliyetoka.

"Nimefika!" Respicius alisema. "Kwa asilimia thelathini!"

"Baba amekataa. Na mimi nimekataa."

Respicius alisimama. Kitu kilipita usoni mwake, na kwa muda mfupi ungesema ni huzuni, ungemwonea huruma kabisa. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya kurudi.

"Evalina," akasema, "hapa kwenu umeme upo?"

Mgeni hafukuzwi, hata wa namna hiyo. Mzee Luhaga aliagiza waya upitishwe dirishani, na kwa kuwa uliishia langoni, gari likalala pale pale langoni, likinyonya umeme wa taa na redio, na mwenyewe ndani. Nassib na Mzee Boniventura walipewa kitanda. Alfajiri wakadandia lori la kwenda Mwanhuzi bila kumwamsha.

Kulipopambazuka Noah ikasimama mbele yake. Mayala akashuka, kanzu safi, akagonga kioo.

"Kaka, samahani. Sogeza kidogo tuingie."

Respicius akajifuta mate ya usingizi, akakiangalia kioo chake cha Kijapani, akatikisa kichwa.

"Subiri kidogo. Haijafika themanini."

Mayala hakubishana. Akawashusha watu wake, wakapita ubavuni mwa gari kwa miguu, wakiruka waya mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa shangazi yake, mama mtu mzima mwenye adabu zake, ambaye hawezi kumpita mtu bila salamu.

"Mwangaluka, dereva," akasema, akashika upindo wa khanga, akaruka.