Mstari wa Tatu Baada ya Malaki

Jirani yangu Mwantumu ndiye aliyeniambia kwamba Mzee Bernardo, mshona vitabu wa kambi yetu ya mkonge hapa Korogwe, anavipanga upya vitabu vya Mungu ili kifo kipotee njia. "Nenda, mwenzangu, lakini mtoto muache kwangu." Nilicheka, nikaenda na mwanangu Kasmiri mgongoni. Ana miezi minne.

Biblia aliyonipa mama ilikuwa imeachana kurasa, inataka kushonwa. Kati ya Malaki na Matayo mna karatasi tupu, na hapo ndipo tunapoandika wafu wetu. Mimi nilipiga mistari miwili ya penseli, juu yake nikaandika majina: Rosa, kisha Ernesti. Wanangu wawili wa kwanza.

Mzee Bernardo ni mtu wa Kwashemshi. Alikuja kijana kukata mkonge, mpaka mashine ilipomla vidole viwili. Tangu hapo anashona vitabu kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa mkonge uliosuguliwa nta. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akanionyesha Biblia yake kwanza. Malaki ameirudisha nyuma, kabla ya Zaburi, na mahali pake ameshona Mambo ya Nyakati. Mpangilio huo alifundishwa na fundi mitambo mmoja Myahudi, aliyekimbilia huku wakati wa vita. Wayahudi wanavyo vitabu hivyohivyo, ila wamevipanga kwa namna yao. Malaki inaishia kwenye laana, akasema, na Nyakati inaishia watu wakiruhusiwa kurudi kwao.

Wafu wake watano alikuwa amewaandika hapo, chini ya laana. Kila alipoandika mmoja, kesho yake alikuta mstari mwingine umepigwa, unangoja. Tangu ahamishe Malaki, hajauona tena.

Niliona ni maneno ya mtu mpweke. Ndipo alipoifungua yangu.

Chini ya Ernesti palikuwa na mstari mtupu. Wa penseli, umenyooka kuliko yangu. Nyumbani kwetu anayejua kushika penseli ni mimi peke yangu.

Nilimwomba aihamishe Malaki upesi, siku hiyohiyo. Akatikisa kichwa. Kushona huzuia mstari ambao haujapigwa, akasema. Uliokwisha kupigwa hautoki mpaka upate jina.

Kasmiri alikuwa amelala, namsikia anavyopumua shingoni mwangu. Mzee akanisogezea kalamu.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu," akasema taratibu. "Niandike mimi hapo. Bernardo. Andika sasa, kabla mtoto hajaamka."