Maneno ya Kusindikizana

Kwa watu wa Ugogo kikao kina mwisho wake, na kusindikizana kuna mwanzo wake. Mwenyekiti akishanyanyuka akakung'uta nguo, ya kikao yamekwisha. Yanayosemwa njiani, mgeni akisindikizwa mpaka mwisho wa shamba, hayo ni ya watu wawili na Mungu wao. Hayajawahi kuandikwa kwenye daftari la mtu. Ursula alilelewa hivyo, akafikisha miaka hamsini na minne akiishi hivyo, na siku moja ya Ijumaa desturi hiyo njema nusura imtoe roho mtoto wa watu.

Huyo Ursula ni mhudumu wa afya wa kijiji, huko mbele ya Chamwino. Kazi yake ni kuzunguka kaya kwa kaya: kupima watoto uzito, kuwafuata wajawazito, kuwauliza wazee kama wamemeza dawa. Hana elimu kubwa ila ana kichwa kigumu, na kichwa kigumu nacho ni elimu. Aliwahi kukaa kizingitini kwa mwanamume mmoja tangu asubuhi mpaka alasiri, mpaka yule bwana akachoka kumtazama, akaruhusu mkewe apelekwe kujifungulia hospitali. Na jambo moja watu wote wanalijua: Ursula hasemi uongo. Akisema mtoto amepungua, amepungua.

Zamani wahudumu walikutana Chamwino kila Ijumaa. Kisha akaja Geofrey, kijana wa shirika linalowasimamia, akawagawia simu kubwa, wakawa wanakutana kwa video, kila mtu kwake. Halafu akaleta jipya. Kwenye kompyuta yake alipanga visanduku vitatu, akaviunganisha kwa mistari, bila kuandika hata neno moja la hao mafundi wa kompyuta. Sanduku la kwanza mkutano wa video. La pili akili mnemba, inayosikiliza na kuandika. La tatu kundi lao la wasapu.

"Mkutano ukifungwa tu, mama zangu, ndani ya dakika tano muhtasari uko mikononi mwenu. Nani kasema nini, nani ana jukumu gani."

"Na nani anaukagua kabla haujaja?" Ursula akauliza.

"Hakuna haja, mama. Inajiendesha."

"Hata punda anajiendesha," akasema Ursula. Wenzake wakacheka, yakaisha.

Katika wahudumu hao alikuwamo Luka wa kijiji cha pili. Mtu mpole vikaoni, wa kwanza kuamkia na wa mwisho kusema. Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Wiki hiyo hiyo, Jumanne, mkewe Jenifa alifika kwa Ursula kwa miguu, mkono umevunjika, na shingoni alama za vidole. Alimwambia, "Amesema nikienda kushtaki, atanikuta popote." Ursula akampeleka hospitali, mkono ukafungwa plasta, kisha akamficha mjini, mtaa wa Nkuhungu, kwa mdogo wake Hana, mpaka Jumatatu, siku ambayo askari wa dawati la jinsia alisema waje waandikishe maelezo. Mahali hapo palijulikana kwa Ursula na Hana basi.

Ijumaa wakakutana kwenye simu kama kawaida. Luka akaomba wenzake wamwombee mkewe, eti amesafiri na hapokei simu. Ursula alimtazama kwenye kile kidirisha chake kidogo. Kikao kikaisha. Geofrey akasema anaingia barabarani kwenda Kondoa, akaaga, akatoka. Luka akatoka. Mmoja mmoja wakatoka, wakabaki wawili, Ursula na Mama Ritha.

Mama Ritha ni mkubwa kwa Ursula kwa miaka kumi, tena ni mama mkubwa wa Jenifa, dada wa mama yake. Mdogo hamwachi mkubwa akaenda zake, hungoja aagwe. Na Mama Ritha naye alikuwa hambanduki, ana lake moyoni: alijua Ursula ndiye aliyemficha mwanawe, hakujua wapi.

"Wamekwenda?" akauliza.

"Wamekwenda, mama."

"Mwanangu anakula?"

"Anakula. Yuko Nkuhungu kwa Hana, nyuma ya kanisa, nyumba yenye geti la bluu. Kesho nampelekea nguo. Usiwe na wasiwasi."

Mama Ritha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Ursula akasogeza kidole ili aage, ndipo akaiona ile alama nyekundu ya kurekodi kwenye kona ya kioo. Ilikuwa bado inawaka. Mwenyekiti alikwishanyanyuka, lakini mashine haikunyanyuka naye. Ilikuwa imekaa pale pale, inasikiliza, inaandika.

Kidole kikaganda hewani. Mkutano ukifungwa tu. Ndani ya dakika tano. Kwenye kundi, na Luka yumo.

"Mama, usitoke."

"Nitoke niende wapi? Kwani vipi?"

"Inaandika. Tukitoka sote wawili, inayatuma. Tukibaki, haiwezi."

Mama Ritha akasema, "Sasa hilo geti la bluu ndilo..."

"Nyamaza, mama."

Wakatazamana. Wanawake wawili, kila mmoja kijijini kwake, wameshika simu kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka: kuvuta hawezi, kuachia hawezi. Simu ya Ursula ilikuwa na chaji asilimia kumi na moja, na umeme ulikatika tangu alfajiri.

Akatoka nje na ile simu mkononi, uso wa Mama Ritha ukiyumbayumba kwenye kioo, akaenda kwa jirani yake Stumai. Yake mwenyewe hakuthubutu kupigia, asije akaukata mkutano. Stumai alikuwa anapepeta mtama.

"Niazime simu."

"Utakuwa na simu mbili sasa, unakuwa meneja?"

"Stumai, niazime simu."

Stumai akamtazama usoni, akaitoa. Ursula akampigia Geofrey. Haipatikani. Tena. Haipatikani. Barabara ya Kondoa ina mapori yake. Asilimia saba.

Mama Ritha akapata wazo, akasema kwa sauti ya kuigiza, "Ee, Ursula, kumbe ulisema Jenifa yuko Manyoni?"

Ursula akaelewa. Maisha yake yote hajasema uongo, na wa kwanza anamwambia chuma. "Ndiyo, mama. Nilikosea. Yuko Manyoni." Ulimtoka vibaya, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Kisha akaenda mbali na ile simu, akaiacha kwa Stumai kwenye ungo, akampigia Hana. Iliita mpaka ikakata. Mara ya pili ikakata. Mara ya tatu Hana akapokea, anatafuna.

"Hana, mtoe Jenifa hapo. Sasa hivi."

"Anaoga."

"Mtoe na sabuni yake. Mpeleke popote, na usiniambie ni wapi. Usinipigie. Jumatatu saa mbili mlete dawatini."

"Dada, kuna nini?"

"Hana."

"Haya, nimesikia."

Aliporudi kwenye ungo, simu yake ilikuwa imezima. Amebaki Mama Ritha peke yake, na kule kwao mtandao huja na kuondoka kama mbuzi asiye na mchungaji. Alishikilia kwa muda gani, Ursula hakujua.

Saa nane mchana pikipiki ikasimama uani. Luka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakupandisha sauti. Alitoa simu, akamsomea pole pole, kama anasoma somo kanisani. "Jukumu la tano. Ursula kumpelekea Jenifa nguo kesho. Mahali: Nkuhungu kwa Hana, nyuma ya kanisa, geti la bluu. Baadaye Ursula alirekebisha kuwa ni Manyoni." Akaizima. "Nimetoka Nkuhungu. Geti limefungwa kwa kufuli. Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui."

"Manyoni?"

"Manyoni nilisema uongo."

Luka akamkazia macho, akatafuta kwenye ule uso, na hakuona kitu, maana hakikuwamo.

"Hujui alipo."

"Sijui. Na ningejua, nisingekwambia."

Akasogea hatua moja. Stumai akatokea kwenye kona ya nyumba na mchi mkononi, akasimama. Luka akautazama mchi, akamtazama Ursula, akacheka kidogo puani.

"Hamtajificha milele," akasema, akawasha pikipiki.

Umeme ulirudi jioni ile. Ursula hakuichomeka simu. Aliogopa mtu asije akamwambia alipo Jenifa, akawa anajua, na Luka akarudi. Basi Jumamosi nzima na Jumapili nzima alikaa hajui kama yule mtoto yuko hai. Kila pikipiki iliyopita barabarani alichungulia mlangoni. Kanisani aliimba, hakujua anaimba nini.

Jumatatu alifika dawatini kabla ya saa mbili. Benchi lilikuwa tupu. Saa mbili ikapita. Saa mbili na robo. Saa mbili na nusu Hana akaingia mlangoni, na nyuma yake Jenifa, mkono kwenye plasta, amevaa gauni la Hana lililomzidi. Ursula akasogea mwisho wa benchi. Akawaachia nafasi.