Brashi ya Baba na Neno la Mtani

Kabla sijanyoa, mimi si mtu wa kusemeshwa. Mke wangu alilijua hilo mapema, ndiyo maana habari za bati linalovuja au mgeni anayekuja huniwekea mpaka nimefuta povu mashavuni. Najijua, nina hasira za karibu. Lakini nipe kikombe cha maji ya moto, kipande cha sabuni na brashi ya marehemu baba, nitarudi kutoka uani nimekuwa mpole, utadhani nimebadilishwa.

Brashi yenyewe usiicheke. Mpini wake ni wa mti, umeng'aa kwa kushikwa, na manyoya yake ni ya mnyama, si haya ya kiwandani. Baba alikuwa kinyozi hapa Lindi, kibaraza chake jirani na soko, na kwa brashi hiyo alipaka povu nusu ya mji: wavuvi, makarani, maharusi, hata mashehe waliokuja Ijumaa asubuhi kutengeneza ndevu. Alikuwa akikamulia ndimu kwenye maji. Siku ilianza kwa uso wake mwenyewe, nami kabla ya kwenda shule nilipita uani kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alinijibu kutoka ndani ya povu. Ndimu, sabuni na manyoya yaliyolowa: kwangu mimi, hiyo ndiyo harufu ya baba.

Ukoo wetu una desturi yake. Mtoto akifika arobaini, kabla wembe haujapita kichwani, nywele zake za tumboni hulainishwa kwa povu la brashi ile. Wanangu wote wamepita hapo. Basi mwanangu alipomleta mkewe kutoka Kilwa Masoko ili arobaini ya mjukuu wangu ifanyike kwetu, na mjukuu mwenyewe kapewa jina la baba, mimi nilikuwa na ombi moja tu duniani. Brashi ya baba iguse kichwa cha mwenye jina lake. Pilau wapike wanavyotaka.

Sasa nikueleze habari za mtani wangu. Ni mkulima wa Milola, Mkatoliki, rika langu kabisa, na koo zetu zinataniana tangu enzi za mababu. Utani wa kwetu si mchezo. Anaweza kunitukana mbele ya wakwe, nami sina ruhusa ya kununa. Kwenye msiba wa baba aliingia amejipaka povu mpaka masikioni, brashi mkononi, akiwaita waombolezaji mmoja mmoja: "Njoo nikunyoe mimi, kinyozi wenu amesafiri!" Watu walicheka huku machozi yanawatiririka, hata mama. Kisha akagoma kuirudisha brashi mpaka tumkomboe kwa kuku. Tulimkomboa, akairudisha shingo upande.

Juma lile la arobaini akaja na kiroba cha mihogo. Akaiona brashi dirishani inakauka.

"Bado mnajipaka hii?" akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Hizi si nywele za nguruwe?"

"Nguruwe ni wewe," nikamjibu. Tukacheka, akanywa chai yake, akaenda zake.

Mkwe wangu alikuwa chumba cha pili na mtoto, na yeye hakucheka. Ni binti mwenye adabu zake, hawezi kunijibu mimi baba mkwe uso kwa uso. Neno lake lilikuja kwa mdomo wa mke wangu, jioni.

"Mkweo anasema, kwa heshima zote, brashi ile haitagusa kichwa cha mtoto."

"Kwa neno la mtani?"

"Kwa neno la nguruwe," mke wangu akasema.

Niliwaka! Astaghfirullah, kama brashi ile ni ya nguruwe, basi na mashehe wale wa Ijumaa zote tuwaambie nini? Na nimuulize nani? Mtani? Akisema ni kweli, ni utani. Akisema alidanganya, huo nao ni utani. Neno la mtani likishatoka halina pa kurudi. Nikainusa brashi, nikaitazama kwenye jua, nikakata unywele mmoja nikauchoma. Ukanuka kama nywele zilizoungua, kama ambavyo hata zangu zingenuka.

Asubuhi nikaenda duka la Mhindi, lile ambalo babu yake mwenye duka wa sasa ndiye aliyemuuzia baba. Mwenye duka ni mtu wa swala tano. Akavaa miwani, akaipindua brashi huku na huku.

"Mwalimu," akasema, maana mimi ni mwalimu mstaafu, "babu aliuza za kila aina. Za farasi zilikuwepo, za nguruwe zilikuwepo, na za wanyama nisiowajua. Mimi siwezi kukuapia." Akavuta kiboksi rafuni. "Chukua hii. Nailoni tupu. Haijawahi kuwa hai."

"Yaani nijipake mswaki usoni?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Niliichukua, lakini nilitoka dukani nimenuna.

Ya kale ilitaka subira. Unailoweka, unavuta uradi kidogo, ndipo inakubali maji. Hii mpya, nyeupe pe kama meno ya bandia, niliichovya tu ikawa tayari. Mimi na mazoea yangu nikaisugua kwenye sabuni muda ule ule niliozoea. Lahaula! Povu likapanda, likafurika kikombe, likashuka kiwiko, likaingia sikioni, likadondokea kikoi. Kuku waliokuwa uani wakatimka.

"Unanyoa au unafua?" mke wangu akauliza mlangoni.

Na kilichoniudhi zaidi ni hiki: ilikuwa nzuri. Laini, haichomi, wembe ukateleza bila kunikata hata kidogo. Nilipoikung'uta ikakauka papo hapo. Ingekuwa mbaya ningekuwa na kesi, ningeirudisha dukani kwa maneno makali. Ila haikuwa na harufu yoyote. Nikakamulia ndimu nzima kwenye maji, ikanuka ndimu tu, nikawa kama samaki anayesubiri kukaangwa. Nilikaa kwenye kigoda, uso umetakata, na nilihuzunika sana. Baba hakuwepo.

Siku ya arobaini mtani aliwahi. Akanikuta uani nimezipakata brashi zote mbili, wanawake wako jikoni na masufuria yao.

"Umeniharibia," nikamwambia. "Neno lako limemnyima mtoto brashi ya wajina wake."

Nilingoja anirushie neno jingine. Badala yake akavua kofia, akavuta kigoda.

"Leo niache niseme kama mtu, siyo kama mtani," akasema. "Asubuhi ya harusi yangu nilishuka mjini kuazima koti. Baba sina, nimeshamzika. Baba yako akaniona napita, akanikalisha kwenye kiti chake, akaninyoa kwa brashi hiyo. Akasema, leo baba yako ni mimi. Pale msibani niliiteka, mkanipa kuku. Mimi sikutaka kuku."

"Kwa hiyo ukaisingizia unguruwe?"

"Nilidhani mtaitupa, nami niiokote."

"Si ungeomba!"

"Mtani anaomba?" akaniuliza, na kweli, sijawahi kuona mtani akiomba.

Nikataka kuinuka nikamwambie mkwe kwamba yote yalikuwa uongo. Kisha nikajiuliza nani ataniamini, na ushahidi wenyewe ni wa mtani. Nikaitazama ile brashi. Iliniuma kuitoa, sikufichi, iliniuma hasa. Nikamwekea mkononi.

"Na ikiwa ni ya nguruwe kweli?"

"Kwetu nguruwe ni kitoweo," akasema, akaifutika mfukoni haraka, asije akasikia nimeghairi.

Tukamnyoa mtoto sebuleni. Mimi nikampaka povu kwa ile ya nailoni, shangazi yake akapitisha wembe, mkwe amempakata. Povu lilikuwa zuri, wote walilisifu. Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu. Tulimbembeleza kwa zamu, mama yake, bibi yake, mimi, wapi! Mtani sikumwona, nikajua ameshapata alichotaka, kaondoka zake Milola.

Mara akatokea mlango wa uani. Amenyoa, mashavu yanang'aa, maji bado yanamdondoka kidevuni. Akanyoosha mikono. Mkwe alimvuta mtoto kifuani, kisha akampa, kwa sababu mtani hanyimwi. Naye akalaza shavu lake juu ya kile kichwa kipara.

Mtoto akanyamaza. Nikasogea nimtazame, na kabla sijamfikia ikanijia puani: ndimu, sabuni na manyoya yaliyolowa.

"Shikamoo," ikanitoka. Kwa mtu wa rika langu, mbele ya wakwe!

"Marahaba, mwanangu," mtani akajibu, na hakucheka.