Dakika Kumi za Dale

Dulcie Zadow wa mji wa Port Pirie, Australia, hakuwahi kucheza gemu hata siku moja, lakini wimbo wa gemu ya mwanawe Dale aliujua kuliko nyimbo za kanisani. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aliwasha mashine ya Dale, akaiacha, akaanza kupiga pasi. Mashine ile isipoguswa hujicheza yenyewe: paka mwenye skafu nyekundu hutoka mbio, huruka mapipa, huanguka palepale, huanza upya. Majirani walimsema chinichini. Na waseme, wao hawakuzika mtoto wa miaka kumi na saba. Pasi ilikwenda na wimbo, na kwa muda huo Dulcie alijua hayuko peke yake ndani ya nyumba.

Alifanya hivyo miaka ishirini na minane, mpaka mashine ikazimika. Akaipeleka kwa Glen Hambour, fundi wa gemu za zamani mwenye gereji nyuma ya nyumba yake. Baada ya siku tatu akairudisha nyumbani, akaiwasha, na paka akatoka kama anafukuzwa na mbwa. Wimbo nao ulikwenda mbio. Dulcie aliganda na pasi mkononi hadi kola ikaungua.

"Umenipa ya mtu mwingine," alimwambia Glen kesho yake, akiitua mashine mezani.

"Ni yako hiyohiyo, mama! Nimekuongezea zawadi."

"Zawadi gani tena wewe?"

"Kasi. Za kwetu zilitoa picha hamsini kwa sekunde, kufuata runinga zetu. Kule Japani zilikotengenezwa, sitini. Gemu kama hii walituletea bila kuirekebisha, ikawa inatambaa. Unabonyeza, paka anaruka kama ana tope miguuni. Tulipunjwa utoto mzima! Kitu cha saa nzima hapa, kule kilimalizika kwa dakika hamsini."

Glen alikuwa akicheka. Dulcie alitafuta kiti.

Siku aliyofariki, Dale alianza kucheza saa kumi kamili. "Utachelewa kazini," mama yake alimwambia. "Subiri Mama, paka akifika mnarani tu, naondoka." Paka alifika mnarani saa kumi na moja. Dakika nne baadaye gari la Dale lilikuwa juu ya reli, na treni ya madini ikaja.

"Unaijua gemu hii?" Dulcie alimuuliza Glen.

"Nikiwa usingizini naimaliza."

"Icheze basi, mpaka mnarani."

Glen aliona uso wake, akaiwasha mashine. Alicheza, naye Dulcie akashika saa. Paka aliruka upesi na kwa wepesi, akatii kila kidole. Akagusa mnara dakika ya hamsini.

"Sasa anaondoka," Dulcie alisema. "Treni ikija, ameshavuka reli. Anavaa aproni ya duka la chipsi."

Akamsimulia yote. Glen, ambaye mdomo wake haupumziki, alishusha padi ya kuchezea polepole.

"Mama, sikujua."

"Hata mimi sikujua. Nilikuwa naishi vizuri tu."

Macho ya Dulcie hayakutoka kwenye saa. Dakika kumi zilizobaki kutimia saa nzima zilikuwa zikipita, na mwili wake ulikumbuka zilivyopita siku ile. Alimpelekea Dale mkate wa kuchoma. Alikaa kochini, na kijana akamtupia miguu mapajani bila kuomba, soksi zinanuka, akiimba wimbo wa paka huku mdomo umejaa makombo. Dulcie alimpiga unyayo, wakacheka. Hakuna kingine kilichotokea.

Saa ilipotimu, alifuta macho.

"Irudishe hamsini."

"Lakini mama, hiyo ndiyo iliyom..." Glen hakumalizia.

"Najua ilichofanya. Niichukie vipi? Hizo dakika kumi alikuwa kwangu."

Glen alichukua bisibisi, akaifungua mashine palepale.

Jumapili iliyofuata wimbo ulirudi na mwendo wake wa zamani. Dulcie aliweka maji kwenye pasi, akatandaza shati. Kisha akapanda kiti na kuigeuza saa ya ukutani, uso ukatazama ukuta, isimhesabie dakika, ndipo akaanza na kola.