Mnada Uwanjani kwa Noelene

Kila Jumamosi, kwa wiki tano mfululizo, Noelene Purdie alifukuzwa nyumbani kwake kwa adabu. Ikifika saa nne kasorobo asubuhi ameshafuta sinki, ameshakausha bafu kwa taulo, na mswaki ameuficha kwenye droo kana kwamba kupiga mswaki ni aibu. Kisha hushuka ngazi, akaingia ndani ya gari, akalisogeza mpaka chini ya kilima na kukaa humo nusu saa nzima. Na joto la Yeppoon, mji wa pwani huko Australia, mwezi wa Januari halina masihara. Jasho linamtiririka mgongoni, redio inasema mvua inakuja, mvua yenyewe haiji, naye anawatazama watu asiowajua wakivua viatu mlangoni kwake na kuingia kufungua kabati lake la nguo.

Haya, nyumba inauzwa, na kabati la ukutani linauzwa pamoja nayo. Lakini magauni yake je? Mtu ana shida gani na magauni ya mwanamke wa miaka sitini na mitatu?

Alikuwa amepanga pale miaka kumi na tisa. Nyumba ya mbao, imenyanyuliwa juu ya nguzo kama zilivyo nyumba za zamani za Queensland, juu vyumba viwili na baraza, chini uvungu mkubwa wenye mashine ya kufulia, kamba za nguo, na kichumba kimoja chenye bomba la kuogea. Mwenye nyumba, mzee Des Harrigan, alikuwa anapandisha kodi akikumbuka, na kwa bahati alikuwa msahaulifu. Alipofariki mwezi wa Oktoba, Noelene alimlilia kwa dhati. Watoto wawili wa mzee huyo, wanaokaa Brisbane, hawakuwa wasahaulifu hata kidogo. Ua la mazishi halijanyauka, dalali huyo mlangoni.

Dalali mwenyewe aliitwa Brayden. Kijana wa miaka ishirini na sita, suruali inambana, meno yanang'aa, kashika boksi la chokoleti mkono mmoja na karatasi mkono wa pili.

"Noelene, mama yangu, sheria iko upande wako," alisema. "Bila saini yako hatuwezi kuingiza watu humu wala kufanya mnada hapa uwanjani. Lakini nikwambie siri? Wanunuzi wa siku hizi wako mbali. Melbourne, Sydney. Hawaji kukaa. Wanataka nyumba ambayo tayari ina mpangaji. Wakiona panang'aa, wakiona mpangaji mtulivu asiye na makelele, kwa nini wakutoe?"

Noelene akatia saini. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutia saini pale anapoonyeshwa kidole.

Jioni hiyo jirani yake, Coral Mackie, alikuja juu. Coral ni mwanamke mnene, mjane, ana mbwa watatu na mdomo usiofungwa.

"Umetia saini? Umewapa nyumba kwa boksi la chokoleti?"

"Chokoleti zenyewe zilikuwa zimeyeyuka," Noelene akasema.

"Loo! Mwenzangu wewe, utakufa umejikunja ili usimsumbue mchimba kaburi." Coral akajimiminia chai bila kukaribishwa. "Sikiliza. Chukua vichwa vya kamba wa baharini, uvisokomeze ndani ya bomba la pazia la sebuleni. Kwa joto hili, siku tatu tu. Hakuna atakayenunua."

"Na mimi nitalala wapi na harufu hiyo?"

"Kwangu."

"Kwako kuna mbwa watatu."

"Basi tena. Wao hawatakudai saini."

Walicheka, lakini Noelene alijua hataweza. Uchafu haukuwa katika damu yake. Kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za wageni wa likizo: hawa wanatoka saa nne, wengine wanaingia saa nane, na katikati yeye peke yake na mashuka, nywele za watu kwenye mabomba, mchanga wa pwani chini ya kila zulia. Mtaa wao wenyewe ulikuwa na nyumba tano za namna hiyo. Zamani alikuwa akiingia humo kunywa chai na wenyewe. Sasa anaingia kwa namba za siri za kijisanduku cha funguo. Akirudi kwake magoti yanamlilia, na bado anasugua vioo vya luva vya madirisha yake kipande kwa kipande, kwa ajili ya macho ya mtu wa Melbourne. Alikuwa amechoka, jamani. Uchovu ambao usingizi hauutoi.

Na angekwenda wapi? Kabla ya Krismasi alikuwa amekwenda kutazama kijumba kimoja cha kupanga karibu na kituo cha mafuta. Alikuta foleni imezunguka kona, watu na mafaili yao mikononi, mama mmoja analia waziwazi na mtoto kiunoni. Binti wa ofisini alilitazama faili la Noelene, umri, mshahara wa vibarua, akasema, "Tutakupigia." Mpaka leo. Ndiyo maana alishika neno la Brayden kwa mikono miwili. Anunue mtu wa mbali, yeye abaki. Hakuomba kingine.

Jumamosi ya tano alirudi mapema. Joto ndani ya gari lilikuwa limemzidi, akahisi kichwa kinazunguka, akasema potelea mbali, atajibanza uvunguni mpaka wamalize. Akamkuta huko mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, amesimama karibu na mashine ya kufulia, mkono mmoja kiunoni, anakitazama kile kichumba.

"Samahani," yule kijana alisema. "Naitwa Tahlia. Mume wangu Kurt yuko juu. Mimi ngazi zimenishinda."

"Kaa kwenye kiti hicho basi, usinizalie hapa."

Tahlia akacheka, akakaa. Alikuwa na uso wa uchovu ambao Noelene aliufahamu vizuri, kwani huuona kila asubuhi kwenye kioo. Walikuwa wanaishi kwenye gereji ya wakwe zake, Tahlia alisema. Minada mitatu wameshindwa. Na kila nyumba kabla ya mnada inabidi umlipe mkaguzi aje aipime, mbao, bati, mabomba, na ukishindwa mnada pesa yako imekwenda na maji.

"Safari hii hatuna tena ya mkaguzi," alisema. "Kurt anasema tujitose hivyo hivyo. Mimi naogopa. Lakini wewe ndiye unayeijua hii nyumba, mama. Niambie kweli. Ina tatizo lolote?" Akakinyooshea kidole kile kichumba. "Na hapa chini je, mtu anaweza kukaa?"

Noelene alimtazama tumbo. Aliona kila kitu kwa mara moja: kitanda cha mtoto kwenye chumba chake, gari la kuhamisha mizigo uwanjani, yeye mwenyewe kwenye foleni ya kituo cha mafuta na faili lake. Hawa wakinunua watakuja kukaa. Hawa ndio wa kumtoa.

"Mchwa," alisema.

Lilitoka lenyewe. Na likishatoka la kwanza, mengine yakafuata kwa urahisi uliomtisha.

"Nguzo za nyuma zote, kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Ukitulia unawasikia. Mzee Des alipiga dawa mara mbili, wakarudi. Hapa chini ndiyo kabisa, mimi nisingemlaza hata mbwa."

Nguzo za nyumba ile zilikuwa nzima, ngumu kama chuma. Mchwa Noelene aliwaona mara moja tu maishani, kwenye nyumba ya dada yake kule Rockhampton.

Uso wa Tahlia ukanywea. Akaushika mkono wa Noelene, mkono uliochubuliwa na dawa za kusafishia, akaubana. "Asante," alisema. "Asante sana, mama." Akanyanyuka kwa taabu na kwenda kumwita mumewe.

Wiki ile Noelene hakumwambia mtu, hata Coral.

Mnada ulifanyika Jumamosi iliyofuata, uwanjani, kati ya kamba za nguo na mti wa msonobari wa jirani. Watu wa mtaa walikuja kama wanavyokuja siku zote, na vikombe vyao vya kahawa, kuona nyumba za wenzao zinakwenda kwa bei gani ili wakajipigie hesabu ya zao. Coral alileta kiti chake cha kukunja na kofia pana. Mpiga mnada alikuwa amefunga tai kwenye jua lile, anapaza sauti, anataja upepo wa bahari, anataja "nyumba iliyotunzwa kwa mapenzi, tazameni wenyewe." Noelene alisimama nyuma kabisa na kutazama viatu vyake.

Kurt na Tahlia walikuwapo. Walisimama kwenye uzio, Kurt ameshika kibao cha kunyanyulia dau, hakukinyanyua hata mara moja. Mzee mmoja wa mjini alijaribujaribu akaachia. Mwisho ikabaki sauti moja tu, ya Brayden, mwenye simu sikioni: "Mteja wangu wa Melbourne anaongeza." Nyundo ikagonga ubao. Watu wakapiga makofi. Brayden akamkonyeza Noelene kutoka mbali, yaani, si nilikwambia?

Mchana ule Noelene alilala usingizi mzito wa mchana, mdomo wazi, feni inazunguka juu yake. Tangu Oktoba hakuwahi kulala vile.

Barua ilikuja wiki ya sita baada ya mnada. Ilikuwa ya heshima sana. Mmiliki mpya anafurahi mno kuwa na mpangaji wa aina yake, na kwa kufuata hali ya soko, kodi itapanda kutoka dola mia nne na kumi kwa wiki hadi mia sita na tisini. Noelene aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Mshahara wake wa wiki, ukitoa chakula na mafuta ya gari, haukufika huko.

Akampigia Brayden.

"Ni soko, Noelene, si mimi," Brayden alisema, na kusema kweli alisikika kama anaona haya. "Na nyumba yenyewe ilivyotunzwa... picha zilitoka nzuri mno. Ndiyo maana."

"Ulisema wataniacha."

"Hawajakutoa, mama. Wamekuachia uamuzi."

Alikata simu. Coral, aliposikia, alitukana matusi ya kutosha mtaa mzima, kisha akasema lile gari lake la kulala, lililooza tairi nyuma ya nyumba yake, litafagiliwa ili Noelene ahamie humo. "Mbwa utawazoea," alisema. Noelene akasema asante.

Aprili ilimkuta uvunguni katikati ya maboksi. Vyombo vyote vimefungwa kwenye magazeti, kitanda kimeuzwa, pazia zimekunjwa. Akasikia hatua kwenye kokoto, akageuka. Alikuwa Tahlia, mtoto mchanga amefungwa kifuani, mkononi sahani yenye keki ya ndizi.

"Kumbe unahama!" Tahlia alisema. "Afadhali nimekuwahi. Nimekuletea keki. Siku nyingi namwambia Kurt, yule mama lazima tumshukuru. Mkaguzi wa hapa na madalali wa hapa, wote tumekutana nao, hakuna aliyetuambia ukweli hata siku moja. Wewe peke yako. Tungeingia kwenye deni la miaka thelathini na nyumba imeliwa."

Noelene aliishika sahani. Ilikuwa bado na joto. Angeweza kunyamaza. Angesema karibu, mtoto mzuri, anaitwa nani, na keki ingeliwa, na yule binti angekwenda zake na moyo mweupe.

"Hakuna mchwa," alisema.

"Unasemaje?"

"Hawakuwahi kuwapo. Nilikudanganya. Nilitaka anunue mtu wa mbali ili mimi nibaki." Akalitazama boksi lililo karibu. "Na sikubaki."

Tahlia alikwenda mpaka kwenye nguzo ya nyuma, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ngumu. Mtoto akajinyonganyonga, naye akampapasa mgongoni bila kumtazama.

"Siku ile nilikuuliza kama hapa chini mtu anaweza kukaa," alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nakuulizia wewe. Mkopo peke yetu tusingeuweza, tulihitaji mpangaji. Kurt alivyoona kwenye picha nyumba inavyong'aa akasema, ukimkuta yule mama mpangaji, mwombe ahamie chini, tumfanyie kodi nafuu, na mtoto atapata bibi wa karibu." Akamrekebisha mtoto kifuani. "Nikaona nianze na habari za nyumba kwanza."

Noelene aliketi juu ya boksi. Vyombo vikalia humo ndani. Alitaka kusema nisamehe, akalisema, lakini kwa sauti ndogo kiasi kwamba hakujua kama limesikika.

"Kwa leo sijui," Tahlia alisema. "Sijui kabisa." Kisha, kwa sababu alilelewa vizuri, akaongeza, "Sahani ni ya mama mkwe. Lazima nirudi nayo."

Noelene hakuwa na chombo kilicho nje. Akatandika gazeti juu ya mashine ya kufulia, Tahlia akaitelezesha keki hapo, akafuta makombo kwenye sahani kwa kiganja, akaondoka na mtoto wake kuelekea barabarani. Noelene akasogea mpaka kwenye mlango wa kile kichumba, akasimama anatazama ukuta wa ndani, chini ya dirisha, mahali ambapo kitanda chake kingekaa.